Seymour Cray

Seymour Roger Cray (28 Septemba 1925 – 5 Oktoba 1996) alikuwa mhandisi wa umeme na msanifu wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama baba wa superkompyuta, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 20 mashine alizozibuni zilikuwa miongoni mwa kompyuta zenye kasi kubwa kuliko zote duniani. Kati ya hizo ni CDC 6600 (1964), CDC 7600 (1969), Cray-1 (1976) na Cray-2 (1985).

Kazi yake ilihusu swali moja ambalo hata leo linawasumbua watengenezaji na watumiaji wa kompyuta: saa ya ndani ya mashine inaweza kuharakishwa hadi wapi kabla joto, umeme na urefu wa nyaya havijaifanya ikosee au iungue? Vijana wanaoongeza mapigo ya prosesa za kompyuta zao za mezani ili michezo iende vizuri zaidi wanakutana na vikwazo vilevile, ingawa kwa kiwango kidogo.

Maisha ya awali na elimu

Cray alizaliwa katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin. Baba yake alikuwa mhandisi wa ujenzi, naye alimtia moyo mwanawe kupenda sayansi na ufundi. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi, Cray alitumia vipande vya chuma vya kuchezea kuunda kifaa kilichogeuza matundu ya utepe wa karatasi kuwa ishara za Morse. Chumba cha chini cha nyumba yao aliachiwa kiwe karakana yake ya majaribio ya umeme na redio.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaitwa jeshini. Alitumika kama mwendesha redio huko Ulaya, kisha akapelekwa upande wa Pasifiki ambako alishiriki kazi ya kufumbua maandishi ya siri ya jeshi la Japani. Baada ya vita alirudi masomoni, akapata shahada ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mwaka 1951 akapata shahada ya uzamili katika hisabati tumizi chuoni hapo.

ERA na UNIVAC

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kampuni ya Engineering Research Associates (ERA) mjini Saint Paul, Minnesota. Kampuni hiyo ilianzishwa na watu waliokuwa wamehudumu katika kitengo cha jeshi la majini kilichotengeneza mashine za kufumbua siri za adui. Wakati huo kompyuta zilikuwa bado chache mno, na hapakuwa na vitabu vya kufundishia namna ya kuzitengeneza. Cray alijifunza kazi kwa kuifanya, akawa mtaalamu wa saketi za kidijitali na akashiriki usanifu wa kompyuta iliyojulikana baadaye kama UNIVAC 1103.

ERA ilinunuliwa na Remington Rand, nayo baadaye ikaungana na kampuni nyingine kuwa Sperry Rand. Wahandisi wengi wa ERA waliona kwamba kazi yao haipewi nafasi inayostahili ndani ya shirika kubwa namna hiyo. Mwaka 1957 baadhi yao, wakiongozwa na William Norris, walijitenga na kuanzisha Control Data Corporation (CDC). Cray alitaka kwenda nao mara moja, lakini alikuwa na mradi wa jeshi la majini ambao haujakamilika. Aliumaliza kwanza, ndipo akawafuata.

Control Data na CDC 6600

Mashine kubwa ya kwanza ya Cray huko CDC ilikuwa CDC 1604, iliyoanza kukabidhiwa kwa wateja mwaka 1960. Ilitumia transista badala ya vali za kioo, ambazo zilikula umeme mwingi, zilitoa joto kali na ziliungua mara kwa mara. Mashine hiyo iliuzika vizuri na kuiweka kampuni changa mahali salama.

Hata hivyo Cray hakupendezwa na mikutano na shughuli za uongozi. Mwaka 1962 alimwomba Norris amruhusu kuhamishia maabara yake Chippewa Falls, karibu na nyumba yake mwenyewe na mbali na makao makuu. Alikubaliwa. Huko, pamoja na mwenzake James Thornton na kikundi kidogo cha wafanyakazi, alikamilisha kompyuta ya CDC 6600.

CDC 6600 ilitangazwa rasmi mwaka 1963 na kuanza kukabidhiwa mwaka 1964. Ilikuwa na transista za silikoni zipatazo 400,000. Saa yake ya ndani ilipiga mara milioni 10 kwa sekunde, yaani megahezi 10, na mashine iliweza kufanya hesabu za desimali hadi milioni 3 hivi kwa sekunde. Ilikuwa na kasi takriban mara 3 ya kompyuta iliyoshika nafasi ya kwanza kabla yake, IBM 7030. Prosesa yake kuu iligawiwa vitengo kadhaa vilivyoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja: kimoja kinajumlisha wakati kingine kinazidisha na kingine kinagawanya. Kazi za pembeni, kama kusoma kadi na kuchapisha, ziliachiwa prosesa ndogo 10 ili kuu isicheleweshwe.

Habari za mashine hiyo zilimshtua Thomas Watson Mdogo, mkuu wa IBM. Katika waraka kwa wasaidizi wake wa Agosti 1963 alishangaa kwamba kikundi cha watu 34 tu, akiwemo mfagizi wa maabara, kimeipita IBM yenye maelfu ya wahandisi. IBM ilijibu kwa kutangaza mashine yake ya kushindana kabla haijawa tayari, jambo lililofanya baadhi ya wateja wasite kununua ile ya CDC. CDC ilifungua kesi mwaka 1968, nayo ikamalizika kwa makubaliano yaliyoinufaisha mwaka 1973. Wakati huo CDC 6600 ilikuwa imekwisha kuenea katika maabara kubwa, zikiwemo Los Alamos na Lawrence Livermore nchini Marekani, na CERN karibu na mji wa Geneva.

Kilichowezesha kasi hiyo si transista peke yake. Cray alizibana sehemu za saketi karibukaribu sana ili nyaya ziwe fupi, na matokeo yake joto likawa jingi kuliko feni zingeweza kuondoa. Mhandisi Dean Roush, aliyekuwa na uzoefu wa majokofu, alibuni mfumo wa kupitisha freoni, gesi ya friji, katika mabomba ndani ya mashine. Tangu hapo upoozaji ukawa sehemu ya usanifu wa kila mashine ya Cray, wala si nyongeza ya mwisho.

CDC 7600 na kukwama kwa CDC 8600

CDC 7600, iliyotoka mwaka 1969, ilikuwa na saa ya megahezi 36 hivi na kasi ya takriban mara 5 ya mtangulizi wake katika kazi za kawaida. Ilitawala soko la superkompyuta kwa miaka kadhaa, lakini ugumu wa saketi zake zilizobanwa sana uliwapa mafundi kazi kubwa ya matengenezo.

Mradi uliofuata, CDC 8600, ulionesha mahali ambapo njia hiyo inafikia ukingo wake. Cray alikusudia kuweka prosesa 4 katika kisanduku kimoja kidogo na kupandisha saa hadi pigo moja kila nanosekunde 8. Kwa kuwa sehemu zilikuwa moja moja, zikiunganishwa kwa kulehemu, idadi ya viungo ilikuwa kubwa mno. Kiungo kimoja tu kikiachia, mashine nzima inasimama. Joto nalo lilikuwa limejaa mahali padogo, vigumu kulitoa. Kufikia mwaka 1972 ilikuwa wazi kwamba mashine haiwezi kufanya kazi kwa kutegemewa. Cray alitaka kuanza upya, lakini CDC ilikuwa na matatizo ya fedha na haikuweza kugharamia. Wakaachana bila ugomvi, na CDC yenyewe ilitoa sehemu ya mtaji wa kampuni yake mpya.

Cray Research na Cray-1

Kampuni hiyo, Cray Research, ilianzishwa mwaka 1972. Maabara na kiwanda vilikuwa Chippewa Falls, na ofisi za biashara zikawa Minneapolis. Baada ya miaka 4 ilitoa Cray-1, mashine iliyolifanya jina la Cray lijulikane hata kwa watu wasiokuwa na habari za kompyuta.

Safari hii Cray hakuendelea kutumia transista moja moja, bali chipu, na alijizuia kutumia aina 4 tu za chipu katika mashine nzima ili ziweze kupimwa na kuzoeleka vizuri. Saa ilipiga kila nanosekunde 12.5, yaani megahezi 80. Katika nanosekunde 12.5 mwanga husafiri chini ya mita 4 tu, na umeme katika waya huenda polepole zaidi. Kwa hiyo alitoa amri kwamba waya mrefu kuliko wote usizidi futi 4, yaani sentimita 120 hivi. Ndiyo sababu Cray-1 ilijengwa kwa umbo la herufi C: upande wa ndani, ambako nyaya zilipita, ulikuwa mfupi kuliko upande wa nje. Nyaya ziliunganishwa kwa mkono, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake wa mji huo. Kwa kurekebisha urefu wa waya, mafundi waliweza kuhakikisha ishara mbili zinafika kwa wakati mmoja.

Mashine ilikuwa na uzito wa tani 5 na nusu na ilitumia umeme wa kilowati 115 hivi. Bodi za saketi ziliwekwa mbilimbili, kila jozi ikiwa na bamba la shaba katikati. Bamba lilibeba joto hadi kwenye nguzo za alumini zilizopitiwa na mabomba ya freoni. Mwanzoni mafuta yaliyochanganyika na freoni yalivuja na kuchafua bodi, na ilibidi namna ya kulehemu mabomba ibadilishwe kabla mashine haijaaminika. Vifaa vya kugawa umeme vilifichwa chini ya benchi lililozunguka mashine, likiwa na mito ya kukalia.

Uvumbuzi mwingine ulikuwa rejista za vekta. Badala ya kuchukua namba moja, kuihesabu na kuirudisha kwenye kumbukumbu, Cray-1 ilichukua safu ya namba hadi 64 na kuzipitisha katika kitengo cha hesabu mfululizo. Kwa njia hiyo ilifikia hesabu milioni 160 kwa sekunde katika hali bora. Cray alikuwa ameona kwamba mashine nyingine za vekta, ikiwemo STAR-100 ya CDC, zilishindwa kwa sababu zilikuwa polepole katika hesabu za namba moja moja. Yake ilikuwa na kasi katika zote mbili.

Mashine ya kwanza ilipelekwa Los Alamos mwaka 1976 kwa majaribio ya miezi 6. Hapo lilijitokeza somo muhimu. Katika CDC 6600, Cray alikuwa ameacha kuweka biti za uhakiki katika kumbukumbu, akiona zinapunguza kasi bila faida. Cray-1 ya kwanza iliweza kugundua makosa ya kumbukumbu lakini haikuweza kuyasahihisha, na katika majaribio yale makosa yalitokea mara nyingi kuliko ilivyovumilika. Mashine zilizofuata ziliongezewa saketi ya kusahihisha makosa, ingawa ilibidi ziwe kubwa kidogo. Kituo cha taifa cha utafiti wa anga, NCAR, kilichopo Boulder, Colorado, kikawa mteja wa kwanza rasmi mwaka 1977, kwa bei ya dola milioni 8.86. Kabla ya kuanza, watu walidhani soko zima la dunia lingenunua mashine kumi na kidogo tu. Hatimaye ziliuzwa zaidi ya 80. Zilitumika katika utabiri wa hali ya hewa, utafiti wa nyuklia, usanifu wa ndege na kazi za siri za serikali.

Cray-2

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Cray aliacha uongozi wa kampuni ili abaki na usanifu tu. Wakati mwenzake Steve Chen akiiendeleza Cray-1 kuwa Cray X-MP (1982), Cray alianza mashine mpya kabisa.

Cray-2 ilikabidhiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Saa yake ilipiga kila nanosekunde 4.1, yaani takriban megahezi 244, nayo ilikuwa na prosesa 4. Bodi zilirundikwa pamoja kiasi kwamba hakukuwa tena na nafasi ya mabamba ya shaba wala mabomba. Cray aliamua kuzamisha saketi zote ndani ya kimiminika cha Fluorinert, kisichopitisha umeme na kisichodhuru vifaa. Kimiminika kilizungushwa kwa pampu kati ya bodi, kikabeba joto na kwenda kupozwa nje ya mashine. Katika mnara wa kioo uliosimama pembeni, wageni waliweza kukiona kikitiririka kama maporomoko ya maji.

Cray-3 na kufilisika

Kwa mashine iliyofuata Cray alichukua hatua ya hatari zaidi maishani mwake. Aliamini kwamba silikoni haitamfikisha kwenye kasi aliyoitaka, akachagua chipu za kampaundi ya gali na arseniki, ambazo transista zake hugeuka haraka zaidi. Tatizo ni kwamba teknolojia hiyo ilikuwa bado changa, na viwanda vilivyoweza kuitengeneza kwa wingi havikuwepo. Moduli za Cray-3 zilikuwa ndogo mno, upande mmoja ukiwa na sentimita 10 hivi, hata zikahitaji roboti kuziunganisha.

Cray Research haikuweza kugharamia miradi miwili mikubwa kwa pamoja. Mwaka 1989 Cray aliondoka na mradi wake na kuanzisha Cray Computer Corporation mjini Colorado Springs. Mwishoni mwa mwaka 1991 maabara ya Lawrence Livermore, iliyokuwa mteja wa kwanza, ilifuta oda yake kwa sababu ya ucheleweshaji. Mwaka 1993 mashine moja ya Cray-3 ilifungwa NCAR. Hakuna nyingine iliyouzwa. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, bajeti za ulinzi zilikuwa zimepungua, na prosesa ndogo za bei nafuu zilizounganishwa kwa mamia zilianza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji mashine moja kubwa. Cray alikuwa tayari anabuni Cray-4, iliyokusudiwa kufikia gigahezi 1, fedha zilipokwisha. Kampuni ilifilisika Machi 1995.

Cray, ambaye kwa miaka mingi alipinga wazo la kutumia prosesa nyingi dhaifu badala ya chache zenye nguvu, alikubali kwamba hali imebadilika. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 70, alianzisha kampuni nyingine, SRC Computers, ili afanye kazi katika mwelekeo huo mpya.

Uhusiano na kuongeza kasi ya prosesa za leo

Prosesa za kompyuta za mezani za siku hizi hupita gigahezi 5, yaani zaidi ya mara 60 ya saa ya Cray-1, zikiwa ndani ya chipu inayoenea kiganjani. Watumiaji wengine, hasa wachezaji wa michezo ya kompyuta, huongeza mapigo hayo kupita kiwango kilichowekwa kiwandani. Cray mwenyewe hakufanya hivyo: yeye alisanifu mashine nzima, kuanzia waya hadi bomba, kwa ajili ya kasi aliyoikusudia. Anayeongeza kasi ya prosesa aliyoinunua hutumia akiba ambayo mtengenezaji aliiacha kwa usalama, na akiba hiyo hutofautiana kati ya chipu na chipu hata kama ni za toleo moja.

Kanuni zinazotawala kazi hiyo ndizo zilizotawala maabara ya Chippewa Falls. Kila pigo la saa ni muda ambao ishara lazima iwe imefika na kutulia. Saa ikiharakishwa mno, ishara huchelewa, na prosesa husoma jibu ambalo halijakamilika. Kuongeza volteji huzifanya transista zigeuke haraka zaidi, lakini kuna gharama. Katika chipu za leo, nguvu inayotumika kwa kugeuka kwa transista huongezeka sawia na mapigo, na pia sawia na mraba wa volteji. Mapigo yakiongezwa kwa asilimia 10 na volteji kwa asilimia 10, nguvu hiyo hupanda kwa asilimia 33 hivi, na karibu yote hutoka kama joto. Faida ya kasi hubaki asilimia 10 tu, au pungufu kama kikwazo cha mchezo ni kadi ya picha na si prosesa.

Kwa sababu hiyo, utaratibu unaohesabiwa kuwa salama hufuata hatua kama hizi:

1. Upoozaji hutangulia kasi. Feni, kipoozaji na krimu ya kupitisha joto huhakikishwa kwanza, na joto la kawaida la prosesa inapofanya kazi nzito hupimwa na kuandikwa.
2. Kifaa cha kugawa umeme huwa na uwezo wa ziada, na bodi mama huwa ya aina inayoruhusu mabadiliko hayo.
3. Mapigo hupandishwa kidogo kidogo, kitu kimoja kwa wakati, volteji ikiachwa kama ilivyo hadi mashine itakapoanza kuyumba.
4. Baada ya kila hatua, programu ya kupima huendeshwa kwa muda mrefu, na joto hutazamwa. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na nyingine kabla ya hapo. Kufika huko ni dalili ya kurudi nyuma.
5. Volteji ikibidi kuongezwa, huongezwa kwa kiasi kidogo na haipiti kiwango cha juu alichotaja mtengenezaji, kwa kuwa volteji kubwa huchakaza chipu taratibu hata pale joto linapoonekana kuwa la kawaida.
6. Ukomo ukijulikana, mtumiaji hurudi hatua moja au mbili chini yake na kubaki hapo.

Kompyuta kuzimika ghafla si hatari kubwa kuliko zote. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kosa lisiloonekana: mashine inaendelea kufanya kazi huku ikiandika namba zisizo sahihi kwenye mafaili.  Kwa hiyo kompyuta iliyoongezwa kasi haifai kutunza kazi muhimu kabla haijapimwa, na nakala ya mafaili huhifadhiwa mahali pengine. Aidha, watengenezaji wengi hawalipi fidia kwa prosesa iliyoharibiwa na mabadiliko ya namna hii.

Washindani wanaotafuta rekodi hutumia nitrojeni kimiminika kwa dakika chache, na wengine huzamisha bodi nzima katika mafuta ya madini. Katika hilo wanafuata njia iliyopitiwa na Cray-2, ambayo siku hizi inatumika pia katika baadhi ya vituo vikubwa vya data.

Tabia na maisha ya binafsi

Cray alikuwa mtu mkimya, asiyependa sherehe wala mahojiano. Alipendelea kufanya kazi usiku wakati simu zimenyamaza. Alichora saketi kwa penseli kwenye daftari na alikuwa na mazoea ya kuanza kila mashine kwenye ukurasa mtupu badala ya kurekebisha iliyotangulia. Alipenda kuteleza juu ya theluji na kucheza tenisi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichimba handaki chini ya nyumba yake huko Chippewa Falls, na kwamba suluhisho la matatizo magumu lilimjia akiwa kwenye kazi hiyo ya mikono. Alioa mara mbili na alikuwa na watoto watatu.

Kifo

Tarehe 22 Septemba 1996 Cray alipata ajali ya gari kwenye barabara kuu karibu na Colorado Springs. Aliumia vibaya kichwani, shingoni na mbavuni, akafariki hospitalini tarehe 5 Oktoba 1996 akiwa na umri wa miaka 71. SRC Computers ilikuwa na miezi michache tu tangu kuanzishwa, nayo iliendelea bila yeye.

Urithi

Mwaka 1989 Cray alipewa tuzo ya Eckert–Mauchly kwa mchango wake katika usanifu wa kompyuta. Baada ya kifo chake, taasisi ya IEEE ilianzisha mwaka 1997 tuzo ya uhandisi wa kompyuta yenye jina lake. Cray Research ilinunuliwa na Silicon Graphics mwaka 1996. Mwaka 2000 sehemu hiyo iliuzwa kwa Tera Computer, iliyojiita Cray Inc., na mwaka 2019 Cray Inc. ikanunuliwa na Hewlett Packard Enterprise, ambayo bado inatumia jina la Cray kwa superkompyuta zake.

Mashine zake kadhaa zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, likiwemo lile la historia ya kompyuta mjini Mountain View, California, na jumba la makumbusho la Chippewa Falls. Usanifu wa vekta alioutumia katika Cray-1 unaendelea kwa namna mpya katika prosesa za kawaida na katika kadi za picha, ambazo nazo hufanya hesabu ileile juu ya safu ndefu za namba kwa pamoja.